Mwamuzi Tunamzomea, Mpanga Kikosi Tunamwacha

Ukitaka kunichokoza mwezi wa Septemba, niambie kwamba timu yangu imefungwa na mwamuzi. Nitakusikiliza kwa adabu, maana Tanga nilikolelewa mtu hakatizwi maneno, lakini moyoni nitakuwa nakuhesabia majina: nani alikuwa kikosini siku hiyo, nani aliachwa nje, na nani aliyeamua hivyo. Mimi ni shabiki wa Washington Nationals, timu ya besiboli ya mji mkuu wa Marekani. Miaka yote hii nimeona waamuzi wakitukanwa kwa mechi ambazo zilishaharibika wiki kadhaa nyuma, ofisini, mezani kwa watu waliovaa suti.

Ndugu zangu huuliza mchezo huu nimeupendea nini. Kazi ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye maegesho ya magari katikati ya jiji, na kibandani nilikuta redio iliyonitangulia pale, sindano yake imeganda kwenye stesheni inayotangaza mechi za Nationals. Watangazaji wake, Charlie Slowes na Dave Jageler, wanaongea kama watu wasiodaiwa, na mchezo wenyewe una nafasi ndefu za kuongea. Nikaujua kwa masikio kwanza. Macho yalifuata baadaye.

Kwa asiyeujua, jambo lenyewe ni hili. Mrushaji anasimama kwenye kichuguu cha udongo, mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji, anavurumisha mpira ambao mara nyingi unakwenda kilomita 150 kwa saa. Mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua. Nyuma yake amechuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji ameinama mwamuzi, kavaa kinyago cha chuma. Mpira ukipita juu ya kibao cheupe chenye upana wa sentimita 43, kati ya magoti na chini kidogo ya kifua, ni straiki. Straiki tatu, mpigaji ni auti. Ukipita nje ya hapo na mpigaji asijaribu kuupiga, ni mpira mbaya, na mibaya minne inampa ruhusa ya kutembea hadi kituo cha kwanza bila kuguswa. Akizunguka vituo vyote vinne, timu imepata mkimbio mmoja. Maauti matatu, zamu inahama. Kila timu inapewa awamu tisa.

Ligi kuu ina timu 30, na kila moja inacheza mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Ni karibu kila siku. Siku hizi ni timu 12 tu zinazoingia kwenye mchujo wa Oktoba, kwa hiyo wiki za mwisho watu hawalali. Na hapo ndipo orodha ya kikosi inapokuwa habari nzito kuliko mechi yenyewe. Kwa sehemu kubwa ya msimu timu ina wachezaji 26. Septemba inaruhusiwa 28. Wanaoongezwa wanatoka ligi za chini, ambako kila klabu ina timu zake za kulelea vijana. Zamani, hadi mwaka 2019, mlango ulifunguliwa hadi watu 40, ukawa mwezi wa fujo: kocha anabadilisha warushaji kila dakika chache, mechi haziishi, na mimi kibandani nafurahi maana zamu inakwenda. Kuna sharti jingine kubwa zaidi. Mchezaji ambaye hadi mwisho wa Agosti hajawa mali ya klabu yako, Oktoba hakufai kitu. Ndiyo maana mwaka 2017 Justin Verlander alihamishwa kutoka Detroit kwenda Houston usiku wa Agosti 31, zikiwa zimebaki dakika tu. Houston wakachukua ubingwa.

Sasa njoo kwenye kidonda chetu, mwaka 2012.

Mwaka huo Nationals walishinda mechi 98, nyingi kuliko timu yoyote katika ligi, na Washington ilikuwa haijaona besiboli ya Oktoba tangu 1933. Mrushaji wetu bora alikuwa Stephen Strasburg, kijana mrefu wa California aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2010. Meneja mkuu, Mike Rizzo, alishasema mapema kwamba mkono ule utafanya kazi kwa kipimo. Septemba 7 Strasburg akarusha awamu tatu dhidi ya Miami, akapigwa, na kesho yake ikatangazwa kwamba basi, mwaka wake umekwisha. Alikuwa amerusha awamu 159 na theluthi. Ameshinda 15, ameshindwa 6, mzima wa afya, na mchujo uko mwezi ujao.

Nilibishana kuhusu jambo hilo hadi sauti ikakauka. Mwenzangu wa zamu, jamaa wa Jamhuri ya Dominika ambako besiboli ni kama chakula, alimtetea Rizzo. "Mzee," akaniambia, "mkono wa mrushaji hauna kiwanda cha vipuri." Sikumbishia hilo. Ubishi wangu ulikuwa juu ya hesabu, na hadi leo sijaona aliyeujibu. Kama unajua kijana wako ana awamu 160 mwaka mzima, kwa nini uanze kuzitumia Aprili? Mwanzishe Mei. Mpumzishe Julai. Uongozi ulizitumia zote dhidi ya timu ambazo tungezifunga hata kwa mrushaji wa kawaida, ukafika Oktoba mfuko mtupu.

Wakati sisi tunahesabu awamu, St. Louis Cardinals walikuwa wanapiga simu. Mwisho wa Agosti mlinzi wao wa kati ya kituo cha pili na cha tatu, Rafael Furcal, aliumia kiwiko. Wakamwita kutoka timu yao ya chini, Memphis, kijana aitwaye Pete Kozma. Huko Memphis hakuwa anapiga vizuri, na hakuna aliyenunua jezi yake. Akafika Septemba, akawaka.

Lishike jina hilo, na ulishike pia la mwamuzi Sam Holbrook.

Oktoba 5 Cardinals walicheza na Atlanta Braves mechi moja ya mtoano, huko Atlanta. Awamu ya nane, Braves wako nyuma 6-3, wana watu kituo cha kwanza na cha pili, auti moja. Andrelton Simmons akaupiga mpira juu, ukaning'inia kushoto, nyuma ya walinzi wa ndani. Kozma akarudi kinyumenyume, akanyoosha mikono kama anayesema ni wangu, kisha ghafla akaukwepa, akidhani mwenzake wa nyuma anauchukua. Mpira ukadondoka katikati yao. Uwanja ukalipuka: watu kwenye vituo vyote vitatu, auti moja! Ila Holbrook, aliyesimama upande wa kushoto, alikuwa ameshainua mkono. Mpigaji ni auti.

Kuna sheria ya hivyo, na ina akili. Mpira ukipaa wakati kuna watu kituo cha kwanza na cha pili, mlinzi mjanja anaweza kuuacha uanguke makusudi, kisha akawanasa wakimbiaji wawili waliokuwa wamesimama wakimsubiri audake. Kuzuia hila hiyo, mwamuzi anatangaza mapema kwamba mpigaji ni auti, udakwe usidakwe. Shida ni kwamba Holbrook aliinua mkono mpira ukiwa karibu kugusa nyasi, na ulikuwa mbali sana na eneo la walinzi wa ndani. Mashabiki wa Atlanta wakarusha chupa na takataka hadi mechi ikasimama dakika 19. Braves wakalalamika rasmi, wakakataliwa, wakafungwa. Mkongwe wao Chipper Jones akamaliza maisha yake ya uwanjani namna hiyo.

Nimeitazama video ile mara nyingi. Naona mwamuzi alikosea. Lakini mpira ule ulipopaa Braves walikuwa wameshapitwa kwa mikimbio mitatu, na hilo Holbrook hakulifanya yeye. Isitoshe, Holbrook alikuwa upande ule kwa sababu Oktoba huongezwa waamuzi wawili wa pembeni, ambao mechi za kawaida hazina. Mechi 162 waamuzi ni wanne. Kwenye mchujo wanakuwa sita, na wawili wanasimama mahali ambapo mwaka mzima hakusimami mtu. Hata huo ni upangaji wa kikosi, na mbaya.

Wiki moja baadaye Cardinals walikuwa kwetu, mechi ya tano, ya mwisho, ya raundi iliyofuata. Baada ya awamu tatu tulikuwa tunaongoza 6-0. Saa sita ya usiku ikapita, tumefika awamu ya tisa kwa 7-5, mrushaji Drew Storen ana maauti mawili mkononi. Mara kadhaa alibakiza straiki moja tu. Redio kibandani, mimi nimesimama wima kama niko msibani. Mpira nje. Mpira nje. Yadier Molina akatembea bure, David Freese akatembea bure. Mmojawapo wa mipira ile mimi bado nauona ni straiki, lakini tuuache kwa sasa. Daniel Descalso akapiga, ukagusa glavu ya mlinzi wetu ukapita, wakasawazisha. Kisha akaja mpigaji aliyeitwa kutoka Memphis mwisho wa Agosti kwa sababu ya kiwiko cha mtu mwingine. Pete Kozma akaupeleka kulia, wakaingia wawili. 9-7. Bwana mmoja aliyevaa kofia nyekundu akaja kuchukua gari lake, akanipa tiketi, hatukusalimiana.

Kesho yake mjini watu walimlaumu Storen na walimlaumu mwamuzi. Strasburg alikuwa amekaa benchi na koti, mkono wake umepumzika vizuri.

Sasa, anayempenda Rizzo atasema nimeruka miaka, na ana haki. Mwaka 2019 timu ileile ilianza msimu vibaya, ushindi 19 na vipigo 31, ikafufuka, ikafika fainali dhidi ya Houston Astros. Fainali hiyo ilikuwa ya ajabu: mechi saba, na kila mechi alishinda mgeni. Haikuwahi kutokea.

Mechi ya tano nilikwenda. Nilipanda treni Silver Spring, nikabadilisha katikati ya mji, nikashuka Navy Yard, kiti changu kiko juu kabisa, mahali ambapo wachezaji ni vidole. Max Scherzer ndiye aliyekuwa arushe. Asubuhi ile shingo ilimkamata hata mkono haunyanyuki, akapewa Joe Ross ambaye hakuwa amepangwa. Jioni nzima watu walimzomea mwamuzi wa nyuma ya kibao, Lance Barksdale. Kuna mpira mmoja mdakaji wetu Yan Gomes aliudaka, akaanza kuinuka akijua ni straiki. Barksdale akasema ni mbaya, na maikrofoni zikamnasa akimweleza Gomes kwamba aliinuka mapema mno. Kosa la wazi: mpira haubadiliki njia kwa sababu mdakaji amenyanyua goti. Uwanja ukachafuka. Mimi nilizomea pia, sitasema uongo.

Lakini tulipokuwa tunasukumana kurudi kituoni nikasikia watu wanasema tumeibiwa, nikashindwa kuvumilia. Tulifungwa 7-1. Mechi ya nne tulifungwa 8-1. Ya tatu 4-1. Mechi tatu nyumbani kwetu, na kila mechi mkimbio mmoja. Siku ile tulikuwa na Ross na wao walikuwa na Gerrit Cole, na mtu anayeijua besiboli kidogo tu angeweza kuandika matokeo kabla ya wimbo wa taifa.

Mechi ya sita ilirudi Houston, na nyuma ya kibao alikuwa nani? Sam Holbrook. Mrushaji wetu? Strasburg. Awamu ya saba tunaongoza 3-2, Gomes yuko kituo cha kwanza, Trea Turner akaugonga mpira mdogo wa pole, akatoka mbio. Mrushaji wao akaurusha vibaya, ukampiga Turner mguuni karibu kabisa na kituo. Ilipaswa tuwe na watu kituo cha pili na cha tatu bila auti. Holbrook akasema hapana: Turner alikimbia nje ya njia yake, amezuia, ni auti, na Gomes arudi alikotoka. Sheria ilitaka mkimbiaji akimbilie upande wa kulia wa mstari katika nusu ya mwisho, lakini kituo chenyewe kiko kushoto mwa mstari huo. Utakikanyagaje bila kukiendea? Wakapiga simu New York, dakika zikapita, jibu likawa kwamba uamuzi wa namna ile haurejelewi kwenye video. Kocha wetu Dave Martinez akachemka, na zamu ilipohama akashikwa na wasaidizi wake, akatolewa uwanjani.

Na matokeo yake? Anthony Rendon akaupiga mpira ukavuka uzio, mikimbio miwili. Strasburg akaendelea kurusha, taratibu, kama mtu anayetwanga, hadi awamu ya tisa. Awamu nane na theluthi, mikimbio miwili tu dhidi yake. Tukashinda 7-2, kesho yake 6-2, tukawa mabingwa, na Strasburg akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Nadhani huo ndio ushahidi wangu mkubwa kuliko wote. Uamuzi mbovu, awamu ya saba, ugenini, na haukutugharimu kitu kwa sababu mtu sahihi alikuwa kwenye kichuguu na mtu sahihi alikuwa na rungu. Sheria ile ya njia ya kukimbilia ilirekebishwa kuanzia msimu wa 2024. Njia ikapanuliwa kushoto hadi kwenye ukingo wa nyasi.

Mdominika wangu alinipigia usiku ule akicheka. "Umeona? Mkono ulihifadhiwa." Labda. Desemba hiyo Strasburg akapewa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 245, na tangu hapo akacheza mechi nane tu. Mishipa ya begani ilimmaliza. Alistaafu rasmi mwaka 2024. Kwa hiyo walimhifadhi 2012 ili apate 2019, au waliupoteza mwaka ambao mkono ulikuwa mzima? Mimi nina jibu langu na yeye analo lake, na tumekubaliana tusilizungumze wakati wa kula.

Septemba za sasa ni za aina nyingine. Scherzer na Turner waliuzwa Los Angeles mwaka 2021, mpigaji wetu Juan Soto akafuata, kwenda San Diego, mwaka 2022 (yule Mdominika wangu alivua jezi siku hiyo), na tangu hapo tunamaliza misimu tukiwa mkiani au karibu na mkia. Hata hivyo ujanja wa orodha haujaisha, umehamia kwa vijana. Dylan Crews, aliyechaguliwa wa pili nchi nzima timu zilipogawana vijana wapya mwaka 2023, aliletwa ligi kuu Agosti 26, 2024. Kwa nini siku hiyo? Kijana akizidisha siku 45 kikosini haitwi tena mgeni, na klabu inayoanza msimu na mgeni wake bora inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua wachezaji akishinda tuzo. Hesabu mwenyewe kutoka Agosti 26 hadi mwisho wa Septemba. Chicago Cubs walifanya ya kwao mwaka 2015: walimchelewesha Kris Bryant hadi katikati ya Aprili, akamaliza mwaka na siku 171 wakati mwaka kamili wa utumishi ni siku 172. Wakapata mwaka mzima zaidi wa kummiliki. Akalalamika, akashindwa. Hakuna aliyerusha chupa.

Kuhusu waamuzi, dawa imepatikana. Kuanzia msimu wa 2026, mrushaji, mdakaji au mpigaji akiona ameonewa, anagusa kofia yake. Kamera 12 zinazouzunguka uwanja zinaonyesha mpira ulipopita. Eneo la straiki limefungwa kwa hesabu: juu ni asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji, chini asilimia 27. Kila timu ina pingamizi mbili, ukishinda unabaki nayo, ukishindwa imekwenda, na benchi hairuhusiwi kukunong'oneza. Mimi naunga mkono. Ila kuna uamuzi mmoja ambao kila kocha ataufanya kimyakimya kabla ya mechi, nao ni nani aruhusiwe kugusa kofia. Ningekuwa mimi, warushaji wote ningewafunga mikono. Mrushaji anaona kila mpira wake ni straiki, ndivyo alivyoumbwa. Ningemwachia mdakaji peke yake, na ningemwambia asiguse kitu kabla ya awamu ya saba. Storen mwaka 2012 angezichoma zote mbili kwa Molina, na Kozma angekuja bado tunabishana.